Kuvua, kayaki na kuogelea na watoto sehemu moja: mnachaguaje mahali?

BabaMapacha:
Habarini wakuu, poleni na majukumu. Naombeni mawazo yenu kwa hili maana nimelizungusha kichwani wiki mbili sasa sipati jibu.

Nina mapacha wa miaka 11. Wa kiume kashikwa na uvuvi, yaani ukimwonyesha dimbwi lolote anauliza mshipi uko wapi, wa kike yeye ni kayaki tu, kile kimtumbwi chepesi cha kupiga kasia, tangu alipopandishwa na rafiki yake, halafu kuna mdogo wao wa miaka minne ambaye akiyaona maji anavua viatu gari halijasimama. Mke wangu haogelei kabisa, mimi naogelea kawaida. Kwahiyo tukitoka nataka sehemu moja ambayo kila mtu anapata chake na tunabaki pamoja.

Mwezi uliopita tukaenda sehemu inayosifiwa sana, picha zake nzuri mno, watu wengi, nikasema hapa ndipo. Saa ya kwanza tu mambo yakaanza. Kijana anarusha ndoano, pembeni yake watoto wa watu wanaogelea, mara mbili nikamzuia mkono. Halafu yule mdogo alikuwa amesimama kwenye maji yanamfika magotini, namwona kabisa kwa macho yangu, kapiga hatua moja mbele na hayupo, nywele tu juu ya maji. Hakulia, hakupiga maji, kimya. Mama yake alikuwa hatua mbili nyuma yake akamdaka kwa fulana. Wakati bado tunahema nageuka naona kayaki ya binti inazidi kuwa ndogo, upepo umeamka na yeye anapiga kasia kurudi lakini harudi. Jamaa mmoja akamfuata. Tukafunga vitu tukarudi nyumbani hakuna aliyeongea njiani.

Siulizi jina la sehemu maana kila mtu yuko kwake. Nauliza hivi: ukifika mahali penye maji, ziwa au mto au bahari, unatazama nini kabla hujamruhusu mtoto aingie? Na je inawezekana kweli haya matatu kufanyika mahali pamoja? Nawasikiliza.

MzeeWaNdoano:
Pole sana kaka, na mshukuru Mungu mama yake alikuwa karibu.

Nianze na swali lako la mwisho kwasababu ndilo linalobeba mengine. Haya matatu yanaweza kukaa kwenye ufuko mmoja lakini hayawezi kukaa kwenye maji yale yale. Samaki na muogeleaji hawapendi kitu kimoja. Samaki anakaa penye magugu, penye miti iliyoanguka, penye mawe, chini ya kivuli, na zaidi ya yote anakaa pale kina kinapobadilika ghafla, pale sakafu inapokatika kwenda kilindini, maana hapo chakula kinapita na yeye ana pa kujificha. Sasa soma tena hiyo orodha uniambie kuna kitu gani hapo unakitaka chini ya miguu ya mtoto wa miaka minne. Hakuna. Ule ukingo uliommeza mwanao, mvuvi akiuona anafurahi. Kwahiyo sehemu inayosifiwa kwa samaki mimi huwa naiogopa kwa kuogelea, na ufuko wa mchanga unaoteremka taratibu unaofaa kuogelea mara nyingi mchana haukupi samaki wa maana.

Mimi natafuta ghuba ndogo yenye pande mbili tofauti. Upande mmoja mchanga au changarawe, unateremka polepole, maji unaona miguu yako. Upande wa pili mawe au matete, ndiko wavuvi wanakaa. Katikati nataka umbali usiopungua mtupo mrefu kabisa wa mtoto mara mbili, na nasema mara mbili kwasababu mtoto akisisimka ndoano haiendi anakotaka yeye. Ukikosa umbali basi gawanya kwa muda. Samaki wanakula vizuri alfajiri na jioni, jua likipanda maji ya juu yanapata joto, hewa ndani yake inapungua, wengi wanashuka chini. Kwahiyo asubuhi wote mnavua, hata yule mdogo mpe kijiti chake, ikifika saa tatu nne mishipi yote inakunjwa, ndoano zinahesabiwa zinarudi kwenye boksi, ndipo kuogelea kunaanza. Kuhesabu ni lazima. Ndoano iliyobaki mchangani itatafuta kisigino cha mtu.

Kuhusu kijana wako kwa sasa muache na kiboya, chubwi ndogo (kile kizito cha kuzamisha mshipi) na ndoano ndogo. Kumbuka namba za ndoano ndogo zinakwenda kinyume, namba 10 ni ndogo kuliko namba 4. Wazazi wengi wananunulia watoto ndoano kubwa wakidhani kubwa ndiyo inakamata, mtoto anakaa saa tatu hajaguswa anachukia uvuvi maisha yake yote. Samaki wadogo kumi wanamfundisha kuliko kumngoja mmoja mkubwa. Akae anakitazama kile kiboya, kinatikisika mara moja, kinatulia, kinatikisika tena, yeye anataka kuvuta, unamwambia ngoja, ngoja, halafu kinazama chote kinakwenda upande, sasa! Hapo ndipo utamwona sura yake.

Na zile ndoano chukua plaizi ulaze ule mwiba mdogo wa nyuma ya ncha mpaka ulale kabisa. Samaki atatoka wachache sawa, lakini ikiingia kwenye kidole cha mtoto inatoka ilikoingilia.

Shangazi_Zu:
Mzee hapo kwenye mwiba naunga mkono kwa mikono miwili. Ya kwangu haikulazwa, iliingia kwenye nyama ya dole gumba la mtoto wa dada yangu, tukajaribu kuivuta pale pale, kosa kubwa, mwiba ukazidi kushika. Ikabidi hospitali wakamchoma ganzi na sindano ya pepopunda. Na kama imeingia karibu na jicho msiiguse kabisa, funikeni bila kubana muondoke.

Kasia_Mbili:
BabaMapacha nimesoma hadi pale kwenye "kayaki inazidi kuwa ndogo" moyo ukanipasuka maana hilo nalijua.

Nikuulize kitu, mlipofika maji ya karibu na ufuko yalikuwa yametulia kama kioo si ndiyo? Na upepo mlikuwa mnausikia mgongoni mkitazama maji? Huo ndio upepo unaowaponza watu wengi kuliko wenye mawimbi. Upepo unaotoka nchi kavu kwenda majini, miti na nyumba zinaukinga pale ufukoni kwahiyo maji yanalala, mtoto anaingia anaona raha, anapiga kasia anakwenda mbio anadhani yeye ndiye fundi kumbe anasukumwa. Akitoka mita mia ile kinga inaisha, sasa upepo wote ni wake, anageuza kayaki na hapo ndipo anagundua. Kayaki nyepesi yenye mtoto mwepesi inakaa juu juu ya maji, ni kama jani.

Kwahiyo ukifika sehemu simama ukingoni tazama maji halafu uliza upepo unatoka wapi. Ukikupiga usoni maana yake ukishindwa utarudishwa ufukoni, mawimbi yatakuwepo kidogo lakini unarudi. Ukikupiga mgongoni siku hiyo kayaki ya mtoto haitoki nje ya ghuba, au haitoki kabisa. Halafu tazama mbali siyo karibu. Ukiona mapovu meupe yanaanza kutokea juu ya mawimbi huko nje, huo upepo unakaribia kilomita 20 kwa saa, kwa mtoto wa miaka 11 ni mwisho. Simu zina utabiri wa upepo saa kwa saa, angalia usiku kabla, na sehemu nyingi upepo unaongezeka mchana jua likishapasha ardhi, kwahiyo kayaki ni asubuhi.

Na safari ianze kwa kwenda dhidi ya upepo wakati mna nguvu, kurudi mnasaidiwa. Watu wanafanya kinyume kwasababu mwanzo ukisukumwa ni raha.

Aina ya kayaki nayo ina maana. Hizi za kukalia juu, zenye matundu ya kutolea maji, ndizo za familia. Ikipinduka mtoto anaanguka tu majini hafungwi na kitu, unaigeuza unapanda tena. Zile za kuingiza miguu ndani zilitoka kwa Inuit wa kaskazini kwenye barafu, walizitengeneza kwa ngozi za sili ili waishi kwenye baridi kali, ni nzuri sana ila zinataka ujifunze kutoka ikiwa imepinduka, na ikijaa maji kuitoa ni kazi. Mwanangu siku ya kwanza sikumfundisha kupiga kasia, nilimfundisha kuanguka. Maji ya kifuani, mimi nimesimama pembeni, anguka, shika kayaki, panda. Anguka, shika, panda. Mara ishirini. Anapanda kwa tumbo kama anapanda kitandani, miguu inapiga maji nyuma, tumbo likishafika juu anageuka anakaa. Siku alipopinduka kweli alicheka.

Sheria moja ambayo hatujadiliani nyumbani kwangu: ukianguka unabaki na kayaki. Hata ukiona ufuko upo pale. Kayaki inaelea na inaonekana kwa mbali, kichwa cha mtu hakionekani.

BabaMapacha:
Kasia umenieleza kitu ambacho sikuwa nakijua kabisa. Ndiyo, maji yalikuwa yametulia kama kioo na upepo tulikuwa tunausikia mgongoni, mke wangu hadi alisema leo kumetulia. Asante sana dada yangu.

Nimuulize na mwenye kujua, yule mdogo tulimvalisha yale maboya ya mikononi ya kupuliza siku nyingine, siku ile tulisahau. Yanatosha?

NesiWaZamu:
Hayatoshi ndugu yangu, nakuomba hapa unisikilize.

Maboya ya mikononi, maringi, na hivi vitanda vya plastiki ni vitu vya kuchezea. Yanatoka, yanatoboka, na upepo ukipiga kitanda kinaondoka na mtoto juu yake. Kibaya zaidi yanampa mtoto imani kwamba maji yanambeba, siku hajavaa anaingia na imani ile ile. Mvalishe jaketi la kuokolea la saizi yake, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu ili lisimpande usoni. Mjaribu nchi kavu, shika jaketi mabegani vuta juu, likimfika masikioni ni kubwa. Na soma maandishi ya ndani. Yale ya nyutoni 50 (nyutoni ni kipimo cha nguvu ya kuelea) ni msaada wa kuelea tu kwa anayejua kuogelea na mwenye watu karibu, wapiga kasia wanayapenda kwasababu mikono inakuwa huru. Ya nyutoni 100 kwenda juu yametengenezwa kumgeuza mtu uso utazame juu. Mwanao wa miaka minne na mke wako wanataka hayo ya pili.

Sasa lile ulilosema, "hakulia, hakupiga maji, kimya". Nimekaa hospitali miaka, hiyo sentensi nimeisikia kwa wazazi mara nyingi na wengi hawakuwa hatua mbili nyuma. Tumekua na methali ya mfamaji haachi kutapatapa, kwahiyo kila mzazi anangoja kusikia vurugu. Mtoto anayezama hana pumzi ya kuita, mdomo unatoka juu ya maji sekunde moja unarudi chini, mikono inakandamiza maji pembeni haipungi, mwili umesimama wima kama anapanda ngazi. Dakika moja haiishi. Ukiona mtoto kwenye maji ametulia ghafla, macho yametoka au nywele zimemfunika usoni haziondoi, usiulize, mfuate. Shirika la Afya Duniani limekadiria waliokufa maji mwaka 2021 duniani ni watu kama 300,000 na karibu robo yao ni watoto chini ya miaka mitano.

Kwahiyo wekeni mtu wa kutazama. Mtu mmoja, ana jina, hashiki simu, hasomi, hapigi stori, hapulizi jiko. Nusu saa, halafu anamwambia mwenzake kwa sauti "sasa ni wewe", na mwenzake anajibu "ni mimi". Msipofanya hivyo mtakuwa watu wazima sita ufukoni na kila mmoja anajua mwingine anaangalia. Kwa wa miaka minne kutazama hakutoshi, awe umbali wa kunyoosha mkono.

Na mvalisheni rangi kali, chungwa au pinki inayowaka. Nguo ya bluu au nyeupe ikiingia chini ya maji inapotea, jaribu mwenyewe.

Jingine ni kichocho, kwa wanaoishi maeneo yenye ugonjwa huo. Kinakaa kwenye maji yasiyo na chumvi yaliyotulia au yanayokwenda taratibu, pembezoni penye magugu, kwasababu konokono wanaokibeba wanaishi hapo. Vijidudu vinatoka kwa konokono hasa jua likiwa kali mchana na vinapita kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda, dakika chache tu zinatosha. Kwahiyo pale kwenye matete ya Mzee wa Ndoano mtoto asisimame na miguu mitupu majini saa tatu nzima, akae kwenye mawe au avae mabuti. Kama mliingia maji yenye mashaka, mkapime wiki sita mpaka nane baadaye, hata kama hakuna damu kwenye mkojo, dawa yake ipo na inaponya. Maji ya bahari hayana kichocho.

Ziwa likiwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika msiingie na mbwa msimuingize. Na baada ya mvua kubwa subirini siku mbili tatu, uchafu wote wa juu unakuwa umeshuka humo.

MzeeWaNdoano:
Nesi hapo kwenye matete umenikamata na una haki. Nilisahau kwasababu mimi navaa mabuti siku zote.

Kwa wanaoishi penye mamba au kiboko sitaongeza mengi, kama wapo hakuna kuogelea wala kayaki ya watoto, hakuna "lakini leo hawaonekani". Waulizeni wavuvi wa pale, siyo mwenye kukodisha viti. Mvuvi anajua mtu wa mwisho alizama wapi na anajua maji yanabadilika mwezi gani.

MtotoWaMajiChumvi:
Mmeongea maziwa na mito sana, nami nisemee bahari kidogo.

Baharini sehemu moja ni sehemu nne kwa siku. Maji kujaa mpaka kupwa ni saa sita na dakika kadhaa, na hayaendi kwa mwendo mmoja, mwanzoni yanajivuta, saa ya tatu na ya nne ndiyo yanakimbia, halafu yanajivuta tena. Kwahiyo mlango wa hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, ambao saa mbili mtoto anapita na kayaki anaimba, saa tano maji yanatoka pale kama mto. Siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ni zaidi. Jua saa za maji kabla hujatoka nyumbani, na kayaki mtoke maji yakiwa yanajaa siyo yakiwa yanatoka. Na watoto wakienda mbali kwenye mafungu ya mchanga maji yakipwa kuokota simbi, mtu mzima ahesabu saa ya kurudi, kujaa kunaanzia kwenye mifereji ya nyuma yako siyo mbele unakotazama.

Halafu ule mkondo wa kurudi baharini. Mawimbi yanaleta maji ufukoni, yale maji lazima yatoke, yanatafuta njia kati ya mafungu ya mchanga yanatoka kwa pamoja. Ukitazama kutoka juu kidogo utaona mahali mawimbi hayavunjiki, pametulia, rangi imekolea, na povu linakwenda nje badala ya kuja. Mgeni anaona hapo ndipo penye amani anaingiza watoto hapo! Mkondo ukiwa mkali unapita mita mbili kwa sekunde, hakuna kuogelea kushindana nao. Ukishikwa usipigane kurudi, elea, acha ukupeleke, haukuvuti chini, halafu ogelea sambamba na ufuko mpaka utoke kwenye huo mfereji, hapo mawimbi yanakurudisha. Inua mkono uite. Wafundisheni watoto wakiwa nchi kavu, wachoreeni kwenye mchanga kwa kijiti, mimi nilichorewa na babu na hadi leo nauona ule mchoro.

Kama kuna bendera na mlinzi wa ufuko ogeleeni hapo. Hilo halina mbadala.

Shangazi_Zu:
Na mtu akizama mwingine asimrukie jamani! Wanakufa wawili. Mrushie kitu kinachoelea, dumu tupu lenye kizibo, boya, mnyooshee kasia au tawi huku umelala chini, mwisho kabisa ndiyo umfuate na uwe na kitu cha kuelea mkononi. Sisi kwenye begi kuna kamba ya mita 15 imefungwa kwenye dumu la lita tano lenye maji kidogo ndani ili lirushike mbali. Tunaenda nalo kila safari.

NesiWaZamu:
Shangazi hilo la dumu ni zuri sana. Niongezee tu, akitolewa hapumui, anayezama kilichomuishia ni hewa, kwahiyo mnaanza kwa kumpulizia pumzi kisha mnabana kifua, msianze kumning'iniza kichwa chini kutoa maji wala kumbana tumbo, mnapoteza muda. Kozi ya huduma ya kwanza ni siku moja, nyie mlio na watoto nendeni. Na hata akipona pale pale apelekwe hospitali.

BabaMapacha:
Nimesoma yote na mke wangu tukiwa tumekaa pamoja, akaniambia niwaandikie kwamba anashukuru. Maswali mawili ya mwisho. Kuna namna ya kukagua mahali kabla ya kwenda na familia? Na mto tuuache kabisa?

Kasia_Mbili:
Ipo. Fungua ramani ya setilaiti kwenye simu usogeze karibu. Maji ya rangi nyepesi ni kina kifupi chenye mchanga, rangi nzito ni kina au magugu. Nyepesi ikiisha polepole kama chai inavyochanganyika na maziwa, mteremko ni wa taratibu. Ukiona mstari umekatwa kama kwa kisu, pale panakatika ghafla, ndilo shimo la mwanao. Tazama pia umbo, ghuba imeelekea wapi, na upepo wa kwenu wa kawaida unatoka wapi. Na pa kutokea kayaki, ukipeperushwa upande ule kuna ufuko au kuna mawe na kuta?

Lakini ramani ni ya zamani kuliko mchanga. Nenda peke yako siku moja kabla, vaa jaketi, na mtu awepo ukingoni.

Mto siyo kuuacha ila uwe na masharti. Maji yanayokwenda yakikufika juu ya magoti usiamini kusimama, mguu ukinasa kwenye mawe mkondo unakulaza. Miti iliyolala mtoni usiikaribie na kayaki, maji yanapita katikati ya matawi lakini mtu hapiti. Na pale penye ukuta mfupi wa kuzuia mto maji yanamwagika upande wa pili, hata uwe wa mita moja tu, pale chini maji yanazunguka yanakurudisha ukutani, hata mwenye jaketi anabaki anazungushwa. Chini ya bwawa pia maji yanaweza kufunguliwa bila taarifa mto ukapanda wakati jua linawaka. Mimi watoto nawapeleka mtoni penye vidimbwi vipana vilivyotulia tu, na chini yake pawe na sehemu ya kutokea ninayoiona kwa macho.

MzeeWaNdoano:
Na radi. Ukiisikia tu wote nje, fimbo za kuvulia zinalazwa chini, msirudi majini mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Wavuvi sisi ni wabishi kwa hili na nimeshazika rafiki.

Shangazi_Zu:
Pole mzee wangu.

BabaMapacha:
Pole sana mzee.

Wakuu nimerudi kuwapa mrejesho. Jana nilikwenda peke yangu na mdogo wangu alikaa ukingoni na dumu la Shangazi, siyo ile sehemu ya mwanzo, nyingine niliyoiona kwenye ramani, ghuba ndogo, mchanga upande mmoja na mawe upande wa pili kama alivyosema Mzee. Nilivaa jaketi nikachukua fito ndefu nikawa naingia hatua moja moja nagusa mbele kabla sijakanyaga. Maji yanapanda vizuri, kifundo, goti, paja, nikahesabu hatua kumi na nne bado ni paja. Ya kumi na tano fito haikugusa kitu. Hapo hapo, karibu na ufuko kiasi hicho, na juu maji ni rangi moja tu, jicho halioni chochote. Nikarudi hatua nne nyuma nikachomeka fito nne kwa mstari nikazifunga vitambaa vyekundu, nikakaa nikazitazama muda mrefu.

Upepo asubuhi ulikuwa unanipiga usoni mpaka saa nne hivi ukageuka. Kwahiyo mpango ni kufika kabla jua halijachomoza, kuvua wote upande wa mawe na mabuti miguuni, kayaki kuanzia saa mbili ndani ya ghuba tu na binti ataanza kwa kuanguka mara ishirini, saa nne kayaki inapandishwa juu na ndoano zinahesabiwa, ndipo wanaogelea ndani ya vitambaa. Mke wangu kanunua jaketi lake mwenyewe, la chungwa, na kasema zamu ya kwanza ya kutazama ni yake.

Kijana keshalaza miiba yote kwenye boksi lake, ameikagua moja moja kwa kuipitisha kwenye pamba, inayonasa anairudia.